Bolti ya Arobaini na Tisa

Bolti moja ilibaki. Kwenye ubao hakutakiwa kubaki kitu, na moja ilibaki.

Ubao wenyewe ni wa msaji, una matundu arobaini na nane. Kila tundu linakaa bolti moja, kichwa juu. Injini yetu ya treni ina mota sita chini ya tumbo, na kila mota inashikwa na bolti nane. Nane mara sita hata mimi niliyeacha shule darasa la saba naijua. Stoo wanaujaza ubao, wewe unafunga, ukimaliza ubao uwe mtupu. Aliyeubuni hakutaka fundi ahesabu, alitaka aangalie tu. Bolti ikipungua unaenda stoo, wanakutukana kidogo, wanakupa nyingine. Ikibaki ni habari nyingine kabisa. Maana yake chini ya injini kuna tundu tupu mahali, na mota ya tani nne ikining'inia vibaya juu ya reli siku moja itashuka chini, treni ikiwa mwendo kasi, na dereva hatajua kilichompata.

"Kaka Jagarnath," nikaita. "Njoo uone."

Jagarnath Lohar alikuwa amekaa juu ya kreti, anasugua tumbaku na chokaa kiganjani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia karakana hii nikiwa na miaka kumi na minane. Sasa nina arobaini na saba, yeye ana sitini, na mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu.

"Nione nini? Mtu mzima wewe, hujawahi kuona bolti?"

"Moja imebaki."

"Basi shukuru. Wenzako zinawapungua."

Akatia tumbaku mdomoni, akaangalia pembeni. Nilidhani ananitania tu. Kazi tulikuwa tumegawana: mimi nilifunga mota ya kwanza, ya pili na ya tatu, yeye ya nne, ya tano na ya sita. Kwa hiyo tundu tupu lilikuwa langu au lake.

Nikashuka kwenye shimo chini ya injini na taa. Nikahesabu. Mota ya kwanza nane, ya pili nane, hivyo hivyo mpaka ya sita. Hakuna tundu tupu. Nikarudia kwa kugusa kila kichwa cha bolti kwa kidole. Arobaini na nane. Nikachukua chaki nikaweka alama kila moja, nikazihesabu alama. Arobaini na nane. Nikapanda juu nikitegemea, sijui kwa nini, kwamba ubao nitaukuta mtupu. Bolti ilikuwa pale pale kwenye tundu lake, safi, ina mafuta yake ya stoo.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatano iliyotangulia ilikuwa sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo hatufanyi kazi na hatugusi zana. Tunazisafisha jana yake, tunazilaza juu ya kitambaa chekundu mbele ya kibanda cha bati kilicho karibu na bomba la maji, spana, nyundo, jeki, hata kompyuta ya ofisini wanaileta, na zote zinapakwa unga mwekundu na kuvishwa maua ya manjano. Chini ya picha ya mungu, miaka yote, ilisimama bolti moja kubwa. Ilitoka kwenye injini ya kwanza kufungwa hapa Kendudih, miaka thelathini na minane iliyopita. Injini ile ilikuwa imekuja vipande vipande ndani ya masanduku kutoka Ujerumani, sisi tukafunga tu. Bolti moja ilikuwa ya akiba, wakubwa wa wakati huo wakampa mungu. Kila mwaka inaongezwa unga mwekundu, imekuwa nene kama imevaa koti.

Baada ya sikukuu, injini ya kwanza kutoka tunaipa kitu cha mungu. Kawaida ni ua. Tunalifunga kwenye kioo cha mbele, tunaweka ndimu chini ya magurudumu, injini inazikanyaga, basi.

Mwaka huu injini ya kwanza ilikuwa namba 407, na 407 haikuwa injini ya kawaida. Michoro yake ilichorwa na watu wetu. Mota ni zetu, magurudumu ni yetu, beringi ambazo kwa miaka tulikuwa tunaziagiza nje ni zetu, na bolti ni zetu pia, za chuma kipya kinachokazwa kwa nguvu kuliko kile cha zamani. Ubavuni ulikuwa umeshapigwa ubao wa rangi: HAKUNA HATA SKRUBU ILIYOTOKA NJE. Jumatatu mgeni mkubwa angetoka Delhi kuja kuipungia bendera.

Nikamwita madam. Mhandisi wetu ni Ipsita Mohanty, mtu wa Orissa, hajafika miaka thelathini. Akaja na kompyuta yake ndogo ya mkononi. Spana zetu za kipimo siku hizi zinalia zikifika kiwango, na kila zikilia zinapeleka namba kwenye kompyuta.

"Mahto-ji," akasema, maana jina langu ni Bhuneshwar Mahto na ji ni ya heshima, "spana imelia mara arobaini na nane. Zote kiwango sawa."

"Hata mimi nimepata arobaini na nane, madam."

"Sasa tatizo ni nini?"

Nikamwonyesha ubao. Akauangalia. Akaiangalia kompyuta. Akashuka shimoni mwenyewe na nguo zake safi, akahesabu, akapanda na goti lina grisi.

"Arobaini na nane," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Hii ndiyo niliyokuitia."

Tukaenda stoo. Mtunza stoo ni Faiyaz Ansari, mtu asiyependa kuulizwa.

"Mlinipa ngapi?" nikamuuliza.

"Ubao una matundu mangapi?"

"Arobaini na nane."

"Nikitaka kukupa arobaini na tisa, hiyo moja ningeiweka wapi? Kwenye mdomo wako?" Akamgeukia madam, sauti ikashuka. "Samahani, madam. Kila ubao unapanda kwenye mizani kabla ya kutoka. Ikizidi hata moja, mizani inakataa. Karatasi hii hapa."

Karatasi ilikuwa sawa. Mizani ilikuwa sawa, tuliipima na jiwe lake.

Kwa hiyo zilitoka arobaini na nane, zikafungwa arobaini na nane, na moja ikabaki. Nimekaa karakana miaka ishirini na tisa, nimeona mkono wa mtu ukikatika na winchi ikikatika waya, lakini sijawahi kuona hesabu kama hiyo. Hasira zikanishika, na sikujua nimkasirikie nani.

"Labda imeanguka kutoka kwenye kazi nyingine," madam akasema. "Mtu ameokota akaweka."

"Nani?"

"Mahto-ji, mimi nakuuliza wewe."

Nyumbani nikamweleza mke wangu Sabitri. Alikuwa anapakua wali na dengu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulishawahi kuhesabu watoto wako ukapata wanne?"

Tunao watatu.

"Sitanii," nikasema.

"Hata mimi. Umechoka. Jagarnath anaondoka, roho yako haitulii, unahesabu vibaya. Kula."

Nikala. Pilipili mbichi alizoweka pembeni ya sahani zilikuwa tano. Nikajikuta nazihesabu.

Jumamosi asubuhi madam alikuwa anatusubiri pale injini ilipo, kadi ya kazi mkononi. Hapa kila fundi anayepitisha kazi ana chapa yake ya chuma. Yangu ni 212. Unaiweka kwenye kibati cha mota, unapiga nyundo mara moja, na kuanzia hapo kazi ile ni yako mpaka injini iwe chakavu. Mota ikianguka baada ya miaka kumi, wanatafuta namba kwenye kibati, wanakuja mlangoni kwako. Mota zote sita za 407 zilikuwa zinasubiri 212, kwa sababu Jagarnath chapa yake alisharudisha. Anayestaafu hurudisha mwezi wa mwisho.

"Nitaandika kwamba bolti ya ziada imepatikana, chanzo hakijulikani," madam akasema. "Ukaguzi umefanyika, matundu yote yamejaa. Wewe gonga."

"Chanzo hakijulikani ndiyo nini, madam?"

"Ndiyo kwamba hatujui."

"Basi andika hatujui. Mimi nigongeje chapa juu ya hatujui?"

Madam hakuwa mtu mbaya. Juu yake kulikuwa na meneja, na juu ya meneja kulikuwa na Delhi.

"Gonga, mdogo wangu," Jagarnath akasema nyuma yangu. "Unaogopa nini? Bolti zipo zote, umezipapasa kama kuku anayetaka kutaga."

"Wewe huoni ajabu?"

"Nimeona mengi. Na hili litapita."

Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Jagarnath huyu ndiye aliyewahi kuniweka siku nzima kutafuta washa moja, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya bolti, chembamba kama kucha, nikiwa na miaka kumi na tisa, mpaka nikalia. Aliniambia siku ile kwamba kitu kilichozidi kina mwenyewe, na mwenyewe lazima apatikane. Sasa bolti nzima imezidi, na yeye anasugua tumbaku.

Nikamwambia madam anipe saa moja. Nikachukua nyundo ndogo nikashuka shimoni.

Zamani, kabla ya spana za kulia, bolti tulizipima kwa sikio. Unagonga kichwa kidogo, unasikiliza. Iliyolegea inasema tup. Iliyokaza inasema ting. Jagarnath ndiye mwenye sikio kuliko watu wote wa Kendudih. Wengine walimwambia kwa utani akagonge vifua vya wagonjwa hospitali. Mimi nilijifunza kwake.

Nikaanza mota ya kwanza. Ting, ting, ting, nane zote. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, ting, ting, halafu bolti ya tatu ikasema kitu kingine. Haikusema tup. Ilitoa sauti nyembamba, ya juu, kama waya uliovutwa. Nikagonga ya jirani, ting. Nikarudi kwenye ile, waya.

Nikamulika. Bolti nyingine zote zilikuwa na mstari mmoja wa rangi ya njano tunaoweka tukimaliza kukaza, na maandishi ya kiwanda yanasomeka kichwani. Ile ilikuwa na mstari wa njano, lakini chini ya mstari kichwa chote kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Hakusomeki kitu.

"Kaka," nikaita. "Shuka usikilize."

Akashuka polepole, magoti yake mabovu. Nikagonga ya pili, nikagonga ya tatu.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Tofauti."

"Sisikii tofauti."

Nikamwangalia. Aliangalia mota.

"Nigonge tena?"

"Masikio yamezeeka, Bhuneshwar. Siku kumi na moja zimebaki, unataka nisikie nini?"

Akapanda juu. Nikabaki pale na nyundo, sielewi. Mtu anaweza kuzeeka sikio, sawa, lakini juzi tu, mkesha wa sikukuu, alisikia beringi ya winchi inakwaruza juu ya dari, sisi wote tukiwa tunapiga ngoma.

Nikamwita madam. Akaja na spana ya kipimo, akaibana ile bolti ya tatu, spana ikalia mahali pake. Kiwango sawa.

"Iko sawa," akasema.

"Inalia vibaya."

"Mahto-ji, nikaandike kwenye ripoti kwamba bolti inalia vibaya?"

"Kwa nini imepakwa rangi?"

"Labda rangi imemwagika." Akaangalia saa. "Saa sita mchana meneja anataka kadi."

Nikatoka shimoni kwenda kunawa mikono. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikafungua bomba, nikanawa, nikainua macho. Mbele yangu kilikuwa kibanda cha mungu. Maua ya Jumatano yalikuwa yameshanyauka, yananing'inia. Picha ipo, mungu na mikono yake minne. Taa ya mafuta ipo. Chini ya picha, pale inaposimama bolti ya injini ya kwanza, palikuwa na duara la unga mwekundu na katikati yake bati tupu.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa mwizi. Nikasimama pale maji yanamwagika nikiwaza nani aibe bolti ya mungu, na akaiuze wapi. Fikra ya pili ilichelewa, na ilipokuja sikuitaka. Nikafunga bomba.

Jagarnath alikuwa kwenye kreti yake. Nikakaa karibu naye ili watu wasisikie.

"Ya mungu iko wapi?"

Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Unajua iko wapi," akasema.

"Mota ya nne, ya tatu."

"Ndiyo."

"Umeifunga wewe."

"Nimeipima kwanza. Saizi ile ile, meno yale yale, urefu ule ule. Nikaifuta ile nyekundu kwa mafuta ya taa, nikaikaza, spana ikalia. Nini tena?"

"Kaka, injini hii hakuna hata skrubu iliyotoka nje. Imeandikwa ubavuni."

"Ile ni ya mungu."

"Ni ya Wajerumani."

"Imekaa kwa mungu miaka thelathini na minane. Mtu akikaa hapa miaka hiyo hajapewa uraia?"

Nilitaka kucheka, na wakati huo huo nilitaka kumpiga. Akaendelea kwa sauti ya chini. Alisema injini ya kwanza aliifunga akiwa na miaka ishirini na mbili, Wajerumani wawili wamesimama nyuma yake, na hakuruhusiwa kushika spana mpaka wao wamemwonyesha kwa kidole. Alisema tangu siku ile alikuwa anasubiri injini kama 407. Ikaja amebakiza siku chache. Kuifunga ua kwenye kioo ilikuwa kama kumpa bwana harusi karanga.

"Na hii iliyobaki?"

"Hiyo nilitaka niipeleke pale kwa mungu. Bolti yetu ikae pale, ya zamani iende kazini. Wamebadilishana zamu. Nikaitwa kupiga picha."

Ni kweli. Ijumaa ile, dakika kumi kabla sijamaliza mota yangu ya tatu, mpiga picha wa ofisini aliwaita wazee wanaostaafu wasimame mbele ya 407. Akaenda akatabasamu, aliporudi mimi nilikuwa nimeshauangalia ubao.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ulishaanza kupiga kelele. Halafu madam akaja. Halafu mkaenda stoo, Faiyaz akakutukana. Kila nikitaka kusema, nakuta kusema kumekuwa kugumu kuliko saa iliyopita."

"Umeniambia husikii tofauti."

"Nilisikia."

Juu yetu winchi ilikuwa inabeba fremu ya 408.

"Mdogo wangu," akasema, "ni dakika tano. Shuka, toa ile, weka hii. Ubao utakuwa mtupu. Ya mungu nirudishie, niiweke mahali pake. Nani kaumia?"

Ilikuwa sawa kabisa. Nilijaribu kuona ubaya wake sikuuona. Hesabu ingelingana, stoo ingelingana, madam angepata kadi yake, mgeni angepata bendera yake, na Jagarnath angetoka mwisho wa mwezi kama wanavyotoka wazee wetu, mashada ya maua mpaka masikioni, amebebwa juu ya mabega mpaka mlango wa nyumba yake, ngoma mbele, na mke wake amesimama mlangoni na sinia ya taa. Mkewe alishaagiza maua. Karakana nzima ilijua.

Nikachukua ile bolti kwenye ubao, nikachukua spana ya kawaida isiyolia na bomba la kuongeza mkono, nikashuka. Jagarnath akasimama juu ya shimo kunikinga watu wasione.

Ile bolti ikatoka kwa shida. Nikaikwangua rangi kwa kisu: maandishi ya Kijerumani, na ndani ya kila herufi unga mwekundu ambao mafuta ya taa hayakuufikia. Nikapitisha ukucha kwenye shingo yake. Katikati ukucha ukazama. Nikapitisha tena. Shingo ilikuwa imekonda kama kiuno cha nyigu, kidogo tu, jicho haliwezi kuona. Ile ni bolti ya chuma cha zamani, na tumeikaza kwa nguvu ya chuma kipya. Ilikuwa imevutika. Ndiyo maana ililia kama waya. Spana haikujua. Spana inajua nguvu ya mkono tu, haijui chuma kinaumia vipi ndani.

Ingekatika, sijui lini. Labda kwenye mlima wa kwanza, labda baada ya mwaka.

Nikaishika ile mpya niiingize. Tundu lilikuwa wazi mbele yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka saba zilizobaki kwenye mota ile. Bolti moja ikilegea au ikivutika, ndugu zake saba wanabeba mzigo wake, na waliobeba mzigo usio wao hawaaminiki tena. Mota inafunguliwa, zote nane zinatupwa, inapimwa upya. Maneno hayo sikuyasoma kwenye kitabu. Alinifundisha mtu aliyesimama juu ya shimo.

"Tayari?" akauliza.

"Imevutika, kaka."

"Kidogo?"

"Imevutika."

Aliijua ile kanuni kuliko mimi. Nikasubiri aseme yeye, aseme nenda kamwite madam, au aseme funga. Nilitaka mmoja wa hao watu wawili aseme, yule aliyenifundisha au huyu aliyeniomba. Akasema, "Mimi nimechoka kusimama," akaenda akakaa.

Sijui nilikaa shimoni muda gani. Nilikuwa na bolti mkono wa kulia na bolti mkono wa kushoto, zinafanana, na nilikuwa siwazi kitu chochote cha maana. Niliwaza goti lake bovu. Niliwaza dereva nisiyemjua. Mwishowe nikapanda, nikampita Jagarnath bila kumwangalia, nikaenda ofisini kwa madam, nikaziweka zote mbili mezani juu ya karatasi zake.

"Hii ndiyo ya arobaini na tisa," nikasema. "Na hii ndiyo iliyokaa mahali pake."

Akapitisha ukucha kwenye shingo kama nilivyofanya mimi. Rangi ya uso ikambadilika.

"Nani?"

Nikamwambia. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Akaniuliza nani aliniruhusu kuifungua, nikamwambia hakuna. Akaandika yote mawili.

"Kama moja imeingia hivi," akasema, "siwezi kuapa kwamba nyingine hazikuingia."

"Hazikuingia. Ilikuwa moja tu."

"Wewe unajua. Kompyuta haijui. Zote zitoke."

Jumatatu mgeni alikuja. 407 ilikuwa imefunikwa turubai, iko juu ya stendi, haina mota. Ule ubao wa HAKUNA HATA SKRUBU waliung'oa wakaupigilia kwenye 406, ambayo beringi zake zilitoka nje, mimi mwenyewe nilizifungua kwenye maboksi. Mgeni akapunga bendera. Ndimu zikakanyagwa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Niliangalia mikono yangu inapiga makofi nisielewe. Bolti moja ya mungu imetuletea kesi, na injini nzima yenye beringi za nje imepata bendera.

Nilimuuliza madam. Akasema, "Mahto-ji, usiniulize."

Jagarnath hakunitukana. Ningeelewa kama angenitukana. Siku zile zilizobaki alikaa nje ya ofisi akisubiri kuhojiwa, nikipita ananiambia habari za mvua. Siku moja nilimpelekea chai kwenye kikombe cha udongo. Akaipokea, akaiweka chini, nilipopita jioni ilikuwa pale pale, imeganda utando juu. Alikasirika kwamba nilisema, au aliona haya kwamba nilifuata alichonifundisha? Sabitri anasema yote mawili. Mimi sijui, na sasa ameshaondoka, sina wa kumuuliza.

Ofisi imeniomba niandike ile bolti iligharimu nini. Ni hiki.

Bolti arobaini na saba mpya, za kwetu, zimekwenda kwenye chakavu, pamoja na ile ya arobaini na tisa ambayo haikuwa na kosa. Injini 407 ilikaa juu ya stendi siku tisa. Chapa yangu 212 imefungiwa kwenye droo ya madam miezi mitatu, kwa kufungua bolti bila ruhusa, na mota za 407 zimegongwa chapa ya mtu mwingine. Mashada kumi na mawili aliyoagiza mke wa Jagarnath, mwenye maua aliyapeleka kwenye harusi ya watu wengine. Tarehe thelathini Jagarnath Lohar alitoka saa nne asubuhi kwa geti la stoo, kwa sababu mwenye kesi hatoki kwa geti kubwa. Alikuwa na sanduku lake la zana na mwavuli. Faiyaz alimfungulia. Mimi nilikuwa chini ya 408, sikuambiwa. Bolti ya mungu iko kwenye mfuko wa plastiki, kabati la tatu, ina namba ya kesi. Kwenye kibanda lile duara jekundu bado liko tupu.